Jina Kwenye Kadi ya Kansay

Karatu,
22 Agosti 2004

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Bibi mnaendelea vizuri huko Machame, na kwamba nyonga ya Bibi sasa inamruhusu kufika hadi jikoni bila kushikwa mkono. Mwambie sweta aliyonifumia bado naivaa kila asubuhi, ila mikono imeanza kuwa mifupi. Sisi huku ni wazima. Mama ni mzima, duka linaendelea, Clara ni mzima na anaongea kama ulivyomwacha. Baridi ya mwaka huu ni kali. Ukungu unashuka mpaka Kibaoni, na tukienda shule hatulioni lango mpaka tuwe tumeligusa.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati Mama ana simu. Baba, unanijua. Kwenye simu maneno yangu huisha kabla ya salio. Na haya ninayotaka kukueleza ni marefu.

Nianze na jambo ambalo hadi mwezi huu sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Tangu mwezi wa tatu, zile Jumamosi zote nilizoaga kwamba nakwenda kusoma maktaba ya usharika, sikuwa maktaba. Nilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Flaviana, nikiosha mbwa. Maktaba nilikuwa napita, maana sikutaka uwe uongo mtupu. Nilikuwa naingia, naazima kitabu, natoka kwa mlango wa nyuma.

Mama Flaviana unamfahamu, yule mtaalamu wa mifugo mstaafu ambaye watu humwita Mama Mbwa akishawapa mgongo. Mbwa wanaogongwa na magari ya watalii, na wale wanaoachwa na mafundi wakimaliza kujenga hoteli, yeye huwaokota, huwatibu, kisha huwatafutia watu wa kuwachukua. Mwezi wa tatu alinunua wavu wa waya dukani kwetu, Mama akanituma nimsaidie kuubeba. Nilipoufikisha akaniuliza kama naogopa mbwa. Nikatikisa kichwa. Akanipa ndoo na sabuni, na hakuniuliza kitu kingine mpaka saa kumi. Nilipenda sana hapo.

Mbwa wake huwaita kwa jina la mahali alipowaokota, ili mwenyewe akija kuuliza wasipotezane. Alikuwa na Rhotia, Manyara, Kibaoni, Oldeani na Kansay. Huyu Kansay ndiye aliyenifanya niandike barua hii. Alikutwa kwenye mtaro wa barabara ya Kansay, mguu wa nyuma umevunjika. Ni mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, macho yake mapole mno. Mguu ulipona. Ila alikuwa na kasoro moja ambayo mtu wa Karatu hawezi kuivumilia kwa mbwa: habweki. Mama Flaviana alimchunguza koo, akasema koo ni zima kabisa, ni yeye tu haoni sababu.

Mwezi wa sita Mama Flaviana alinieleza kwamba anahama. Binti yake aliyeko Singida amemjengea chumba, na gari la kumhamisha lingekuja tarehe kumi na nne Agosti. Huko hakuna nafasi ya mbwa hata mmoja. Tukaanza kutafuta watu. Rhotia alikwenda haraka kwa sababu ana sauti ya kutisha. Manyara na Oldeani walichukuliwa na walinzi wa shule. Kibaoni ni jike dogo, akapendwa na mwenye duka la dawa. Kansay akabaki.

Si kwamba hakujaribiwa. Jirani yetu Hhando, fundi mwashi, alimchukua wiki nzima, akamrudisha akiwa amemfunga kwa kamba ya kupimia ukuta. Alisema watu walikuja kwake, wakachukua toroli, na Kansay akawasindikiza hadi barabarani, kisha akarudi akitingisha mkia kama mtu aliyeaga wageni wa harusi. Hhando akasema bora angefuga sungura, maana sungura akikushinda unamla. Baada yake kuna mama mmoja mwenye kempu ya watalii alimtaka awafukuze ngedere jikoni. Huyo alimrudisha siku ya pili. Hakutueleza kilichotokea, alisema tu kwamba mkate umekwisha.

Nikaandika matangazo kwa mwandiko wangu mzuri, nikayabandika sehemu tatu: mbwa mpole, amechanjwa, anatafuta nyumbani. Lile la sokoni mtu aliongeza chini yake kwa kalamu nyekundu, akauliza kama anajua kupika.

Baba, siku moja Mama Flaviana alinipa chai, akaniambia kwamba ikifika tarehe kumi na tatu na Kansay hajapata mtu, atamchoma sindano mwenyewe. Alisema kumwacha sokoni apigwe mawe au ale sumu ni ubaya zaidi, na yeye hataki mtu mwingine amfanyie kazi hiyo. Alisema bila kunitazama. Chai sikuimaliza.

Jioni ile ndipo nilipokupigia kwa simu ya Mama. Labda unakumbuka. Nilikuuliza kama ukirudi tunaweza kufuga. Ukauliza kufuga nini. Nikasema kuku. Ukasema kuku ruksa. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema neno jingine, lakini nilikumbuka ulivyosema siku Simba wetu alipokufa kwa sumu ya panya, kwamba mbwa hataingia tena uani mwako. Kwa hiyo nikasema kuku, nikamrudishia Mama simu.

Tarehe saba ilikuwa siku ya mnada. Mzee mmoja kutoka Nainokanoka, huko juu Ngorongoro, anaitwa Mzee Tajewo, alikuja kwa Mama Flaviana na mtoto wa mbuzi amemfunga ndani ya shuka lake. Wanafahamiana tangu Mama Flaviana alipokuwa akifanya kazi huko juu. Mtoto wa mbuzi alikuwa ameng'atwa mguu na bweha. Mzee alikuwa analalamika sana juu ya bweha. Alisema watu wazima wanapokwenda na mbuzi wakubwa malishoni, vitoto vinabaki karibu na boma, na bweha wa siku hizi hawaogopi hata mchana.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa nimsalimie, naye akanigusa utosini kama wazee wa kwao wanavyofanya, akauliza kama mimi ni bubu au ni adabu. Mama Flaviana akamjibu kwamba ni vyote viwili, ila naandika vizuri sana.

Walipomaliza kumsafisha kidonda wakamlaza yule mtoto wa mbuzi chini juani. Kansay akatoka bandani, akamzunguka mara moja, akajilaza kandokando yake, mgongo upande wa nje. Kuku akasogea, Kansay akainuka, akasimama katikati, hakumgusa wala kumfukuza, alisimama tu. Kuku akageuka. Kansay akarudi kulala palepale. Mzee Tajewo alikuwa na kikombe mkononi. Alitazama mpaka chai ikatengeneza utando.

Mwishowe akauliza huyu mbwa ana nini. Mama Flaviana, kwa sababu ni mkweli kuliko mimi, akamwambia wazi kwamba habweki. Mzee akasema wanaobweka anao watatu, na kazi yao ni kuubwekea mwezi na kumnyima usingizi. Alisema nyumbani kwake kuna kelele za kutosha, kilichokosekana ni mbwa wa kufikiri.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nilishaanza kutafuta kamba. Lakini mzee akauliza mbwa ni wa nani. Mama Flaviana akasema ni wake. Mzee akakataa. Alisema Mama Flaviana ni mtu wa kuhama, na Singida ni mbali. Mbwa akifanya vizuri, habari zake atampelekea nani? Akitaka kushukuru, atamshukuru nani? Alisema mnyama ambaye hana mtu nyuma yake hawezi kumwingiza bomani, watu watasema ameokota. Lazima awepo mtu aliyempa. Akakiweka kikombe chini, akaanza kumfunga tena mtoto wa mbuzi ndani ya shuka.

Mama Flaviana akamwambia kwamba hata hivyo mbwa ana kadi ya chanjo, na jina la mwenyewe limeandikwa. Mzee hasomi Kiswahili, akanipa mimi kadi niisome. Nikaisoma kwa sauti ndogo. Akataka nirudie. Mara ya tatu akalitamka mwenyewe, polepole, akauliza mtu huyo anakaa wapi. Nikasema ana duka la vifaa vya ujenzi, lenye milango ya bluu. Mama Flaviana akanitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Akaichukua kadi, akampa mzee. Saa tisa Kansay akapanda lori la Nainokanoka akiwa ameketi miguuni kwa mzee, na yule mtoto wa mbuzi kati yao.

Nadhani umeshaanza kuelewa, Baba. Lakini ngoja nimalize kama ilivyotokea.

Tarehe kumi na nne Mama Flaviana alihama. Jumatano iliyofuata, mchana, nilikuwa nimetoka shule, nampimia Hhando misumari, Mzee Tajewo akaingia dukani na mbuzi jike mweupe mwenye shingo nyeusi. Akauliza Anaeli Nkya yuko wapi. Mama akasema mwenye duka amesafiri. Mzee akasema atamsubiri. Mama akasema amesafiri hadi Machame, tangu mwezi wa tano. Mzee akaketi juu ya mifuko ya saruji, akafikiri kidogo, akasema basi ataiacha salamu kwa mama mwenye nyumba.

Akaeleza kwamba Anaeli Nkya amempa mbwa, na ni mbwa mwema, siku kumi na moja bweha hajachukua kitu. Kwao watu wakipeana mnyama huyaacha majina yao, huanza kuitana kwa jina la mnyama yule. Na hapo ndipo alipopata shida. Alijiuliza wakikutana mnadani atamwitaje. Hawezi kusimama mbele za watu akampazia sauti mtu mzima na heshima zake, "Wewe Mbwa!" Watashikana mashati kabla hawajasalimiana. Amelala na jambo hilo siku zote hizo. Kwa hiyo ameona alete mbuzi. Kuanzia sasa Anaeli kwake ni Pakine, yaani mtu wake wa mbuzi, na yeye kwa Anaeli ni Pakine, na mambo yamekaa mahali pake.

Hhando alicheka mpaka akashikilia meza. Akauliza ni mbwa gani huyo. Mzee akasema ni Kansay. Hhando akasema, "Yule zuzu aliyewasindikiza wezi wangu?" Mzee Tajewo akamjibu taratibu kwamba labda mbwa aliona toroli lile halikuwa na mtoto wa kulindwa.

Mama alimpa mzee chai na mandazi, akampokea mbuzi kwa mikono miwili, akamshukuru kwa niaba yako vizuri kabisa. Mzee alipoondoka ndipo akasema, kwa sauti ambayo Hhando aliisikia, kwamba miaka kumi na nane ameolewa na hakujua mume wake anagawa mbwa Ngorongoro. Clara akaongeza kwamba huenda una boma zima huko. Mimi nilikuwa nimeshika kilo ya misumari, na siwezi kukueleza nilivyosimama.

Baba, jina lililo kwenye kadi ya Kansay ni lako, na aliyeliandika ni mimi.

Mwezi wa tano, wakati ukiwa umeondoka siku chache tu, wachanjaji walikuja kiwanja cha shule ya msingi. Mama Flaviana aliniweka mezani niandike kadi. Mchanjaji alisema mtu mmoja asiandikishe zaidi ya mbwa wanne, ili chanjo iwatoshe watu wote. Mama Flaviana alikuwa na watano. Kansay alikuwa wa tano, na Mama Flaviana mwenyewe alikuwa amekwenda kumshika Rhotia aliyeponyoka. Mchanjaji akaniuliza huyu ni wa nani. Foleni ilikuwa ndefu, mbwa wanagombana, na mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Andika tu dada, mbwa hasomi!" Ningeweza kunyanyuka, nikamwita Mama Flaviana, nikamwacha aamue. Lakini kunyanyuka mbele za watu wote wale kulinishinda. Nikaandika Anaeli Nkya. Palipotakiwa sahihi, nikaweka sahihi yako, ile yenye mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho, kama unavyoiweka kwenye ripoti zangu za shule. Haikunichukua hata dakika. Hicho ndicho kinachonitisha, Baba, kwamba mkono wangu ulikuwa unaijua.

Sijawahi kuitumia mahali pengine. Naomba uniamini, ingawa najua nimekupa sababu ya kutoniamini.

Nilimwambia Mama jioni ya siku ile mzee alipoleta mbuzi, tukichambua mchele. Aliumaliza kwanza ungo. Kisha akasema suala la mbwa halimsumbui, linalomsumbua ni sahihi, na hilo litakuwa kati yangu na wewe. Akaniambia pia jambo ambalo sikulijua. Alisema Simba alipokufa hukufungua duka siku mbili, ukawaambia wateja una malaria, na kwamba uliposema mbwa hataingia tena uani haikuwa hasira. Mimi miaka yote nilidhani unachukia mbwa. Nisamehe kwa hilo pia.

Kuhusu mbuzi, Mama alisema kumrudisha ni kumtukana mzee, na kumla au kumfuga juu ya uongo pia ni kumtukana. Lazima niende nikamwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Jana Jumamosi tukapanda lori la mahindi, mimi na yeye. Duka alibaki nalo Clara, ambaye sasa ananiita karani wa mbwa. Juu ya kreta ukungu ulikuwa mzito, hatukuona chochote kushoto wala kulia. Nilishukuru, maana sikuwa na moyo wa kutazama kitu kizuri.

Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Mzee Tajewo alituketisha, mke wake Nanyori akatupa chai ya maziwa, nami nikasimama nikaisoma yote. Nilipomaliza, mzee aliuliza maswali mawili. Kwanza, kama huyo baba, angemwona Kansay, angekataa kumtoa. Nikasema sijui. Pili, kama amemkataa mbuzi. Nikasema bado hajajua kama ana mbuzi.

Akacheka, akamtafsiria Nanyori, naye akacheka zaidi. Mzee akasema kumbe watu wazima wawili wasiofahamiana wamekabidhiwa mmoja kwa mwingine na mtoto. Akasema si jambo geni, mbona hata ndoa nyingi huanza hivyo. Pakine ni Pakine, hawezi kuanza kutafuta mwingine. Ila alisema kadi isiendelee kusema uongo. Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni uliochomekwa darini. Nilitaka kulikata jina lako, akanizuia. Akaniambia niandike kwamba Anaeli Nkya amempa Tajewo, na chini akaweka dole gumba kwa wino wa kalamu yangu. Upande wako nimeacha wazi. Anasema utakuja kuweka sahihi mwenyewe, na ukichelewa kadi hailali njaa.

Kansay nilimkuta nyuma ya boma pamoja na vitoto vya mbuzi kama kumi na tano. Yule aliyeng'atwa mguu alikuwa amepanda juu yake. Aliniona, akaja, akaninusa viatu na mikono, mkia ukicheza. Nikapiga hatua moja kuelekea kwa vitoto. Akanipita, akaenda kusimama katikati yangu na wao, akanitazama kwa macho yale yale mapole. Nikarudi nyuma. Hajabweka bado. Mzee anasema hana haraka naye.

Mama anakusalimu sana na anamwombea Bibi. Clara anakusalimu, anataka umletee ndizi za kuchoma. Hhando naye anakusalimu, anakuita Pakine, nimemkataza lakini haachi. Adhabu yoyote utakayoona inafaa nitaipokea, na ukitaka kuniambia kwa barua, nitamsomea Mama mwenyewe.

Leo baada ya ibada nimekwenda kwenye nyumba ya Mama Flaviana. Aliniachia mbao za mabanda na ule wavu wa waya. Nimezibeba kwa awamu nne, Hhando akaniazima nyundo, na nimejenga banda la mbuzi wako ukutani kwa stoo, mahali pasipopata upepo. Ameshaingia. Nimemwekea maji na majani ya mahindi, nimefunga mlango, nimenawa mikono, ndipo nikaketi kukuandikia.

Sahihi iliyo hapa chini ni yangu.

Mwanao akupendaye,
Eliapenda A. Nkya